Shajara ya mradi: MBA ya Chicago, kuanzia barua ya chuo hadi kibali cha kazi

Shajara hii ni ya wanaotaka kusoma MBA Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na hawana mzazi tajiri. Mimi nimetokea kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, nikitoa mizigo ya Zambia na Kongo bandarini. Chuo sikitaji, wala kampuni. Insha za maombi na mtihani wa kujiunga, GMAT (nililipa dola 275), nimeziruka kwa sababu zimeshaandikwa sana. Hapa naandika yanayofuata baada ya neno "hongera". Kila hatua ikikamilika nitaongeza kipande.

11 Aprili 2022. Barua ipo, fedha haipo

Chuo kimenipa udhamini wa nusu ya ada. Nusu iliyobaki ni dola 36,000 kwa mwaka, na ukijumlisha pango, chakula na bima ya afya, mwaka wa kwanza unakaribia dola 60,000. Hawatoi fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba chuo kimekupokea, mpaka uonyeshe fedha za mwaka mzima wa kwanza. Bila I-20 hakuna viza.

Nilianzia benki ya hapa nyumbani nikiwa na hati ya kiwanja. Walitaka mshahara uendelee kupita kwao, na mwanafunzi hana mshahara. Mikopo ya wanafunzi ya serikali ya Marekani haimhusu mgeni. Benki nyingi binafsi za huko zinataka raia au mkaazi wa kudumu akusainie dhamana, nami sina mjomba Marekani. Wanabaki wakopeshaji wachache wanaomkopesha mgeni bila mdhamini, kwa kuangalia chuo alichopata na mshahara anaotarajiwa kuupata baadaye. Mmoja kakubali kunipa dola 40,000.

Riba yake ina vipande viwili: chake kisichobadilika, asilimia 9, na kingine kinachofuata kiwango cha soko kiitwacho SOFR, ambacho leo kiko chini ya asilimia 1. Alikuwa pia na mkopo wa riba isiyobadilika kabisa, asilimia 11. Kwa hesabu ya leo wa kwanza ni nafuu, nikauchukua. Kumbukeni namba hizi, nitazirudia.

Kilichonisumbua zaidi ni foleni ya karatasi. Mkopeshaji anataka barua ya chuo, chuo kinataka barua ya mkopeshaji, ubalozi unataka I-20 ya chuo. Nilidhani lazima mkopo uwe umeshapitishwa kabisa ndipo I-20 itoke, nikakaa bure wiki kadhaa. Kumbe chuo kinapokea barua ya mkopo wa masharti, ile inayosema "tutatoa akipata viza". Iombeni siku ileile mkopeshaji anapokubali.

27 Juni 2022. SEVIS na ubalozi

Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na inalipwa mtandaoni kabla ya usaili. Kadi yangu ya benki ikakataa, nikajaribu tena, ikakataa. Fedha ilikuwemo. Tatizo lilikuwa kikomo cha manunuzi ya nje, na hakiondolewi kwa simu: unakwenda tawini, unajaza fomu, unasubiri. Wakati huo nafasi za usaili zinaondoka. Ondoeni kikomo hicho mapema, hata kabla ya I-20 kufika.

Ada ya viza dola 160. (Nyongeza, Julai 2023: sasa ni 185.)

Usaili ulikuwa Msasani, mfupi kuliko foleni ya kuingia. Kisheria, kifungu cha 214(b), ofisa anatakiwa akuhesabu kuwa mhamiaji mpaka umthibitishie vinginevyo. Aliniuliza nani analipa, kwa nini chuo hiki, na nitafanya nini baadaye. La tatu ndilo lililoamua. Sikumwambia kwamba nataka kuendeleza taifa. Nilimweleza kontena la Lubumbashi linavyokaa Dar likisubiri karatasi, nani analipia kila siku linapolala, na biashara gani naiona hapo. Bahasha yangu nene ya vielelezo hakuifungua. Alichoangalia ni I-20 tu.

14 Agosti 2022. Nyumba

Sheria inaruhusu kuingia nchini siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, si mapema zaidi. Zitumieni zote, kwa sababu nyumba inakula muda.

Mwenye nyumba wa kwanza aliomba alama zangu za mikopo, yaani namba inayoonyesha umelipaje madeni yako huko nyuma. Mgeni hana alama. Siyo kwamba ni mbaya, hazipo, na kompyuta haioni tofauti. Wa pili akanielekeza kwa kampuni ya kukodisha mdhamini, ambayo ingekula karibu pango la mwezi mzima. Nilichofanya ni kuingia chumba ndani ya nyumba ambayo tayari ina wanafunzi wa mwaka wa pili. Mkataba ulikuwa kwa majina yao, mimi nikaongezwa. Dola 850 kwa mwezi.

Kuna kitu cha Chicago ambacho sikukiona kwenye mwongozo wowote. Sheria ya jiji inambana sana mwenye nyumba kuhusu amana ya mpangaji, kwa hiyo wengi wameacha kuchukua amana na badala yake wanatoza ada ya kuingia. Amana hurudi, ada hairudi. Nililipa dola 400 nikiziandika kwenye daftari kama fedha itakayorudi. Ulizeni neno lipi limo kwenye mkataba kabla ya kusaini.

La pili kuuliza: je, joto limo ndani ya pango? Majengo ya zamani yenye mabomba ya mvuke mara nyingi yanalijumuisha. Jiji linamlazimisha mwenye nyumba kutunza nyuzi 68 za Farenhaiti mchana, sawa na 20 zetu, na 66 usiku, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni. Kama bili ya gesi ni yako, ongezeni kwenye hesabu.

18 Septemba 2022. SSN, benki, unga

Akaunti ya benki: pasipoti, I-20 na anwani vilitosha. Namba ya hifadhi ya jamii, SSN, haipatikani mpaka upate kazi. Nilipata ya maktaba, dola 15 na senti kwa saa, na mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Barua ya mwajiri, barua ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ukaenda nazo ofisi ya hifadhi ya jamii. Kazi hiyo ni ndogo kwa fedha, lakini SSN ndiyo iliyonifungulia kadi ya krediti ya kuweka amana (dola 300), na kadi ndiyo inayozaa alama za mikopo nilizonyimwa nyumba kwa kukosa.

Unga: ule wa mahindi wa maduka ya Wameksiko umepikwa na chokaa, ugali wake haushikani. Mama mmoja wa kutoka Uvira, tuliyekutana kwenye basi nikizungumza na nyumbani kwa simu, alinihurumia: "Mwanangu, twende Devon." Barabara ya Devon, kaskazini mwa jiji, ni maduka ya Wahindi na Wapakistani mwanzo mpaka mwisho. Unga mweupe, maharage, binzari na nyama ya halali, vyote vipo.

30 Oktoba 2022. Darasani

Mihula ni ya wiki kumi na kidogo. Ukiugua wiki moja umekosa asilimia 10 ya somo.

Kinachomshinda Mtanzania hapa si hesabu. Masomo mengi yanaendeshwa kwa kisa cha kampuni: kurasa 15 au 20 za kusoma usiku, kesho yake profesa anataja jina ghafla na mwenye jina anafungua mjadala. Mchango wa mdomo ni asilimia 30 ya alama. Sisi tumelelewa kunyoosha mkono tukiwa na jibu kamili. Hapa jibu likikamilika kichwani, mjadala umeshahama mara mbili. Wiki za mwanzo nilikuwa na daftari limejaa hoja nzuri ambazo hakuna aliyezisikia.

Nilijaribu kujilazimisha kusema angalau mara moja kwa kila kipindi. Haikufaa, nilisema vitu vya kujaza nafasi, na hapo wanakutambua haraka. Kilichofaa ni kuingia na hesabu tatu nilizopiga mwenyewe kutoka kwenye majedwali ya kisa, na kuzitoa dakika kumi za kwanza kabla mjadala haujasongamana. Hesabu haiogopi lafudhi.

Siku niliyoitwa ghafla ilikuwa somo la uendeshaji, tunajadili foleni. Kanuni yenyewe ni ya John Little, 1961: idadi ya vitu vilivyomo ni sawa na kasi ya kutoka mara muda ambao kila kimoja hukaa. Nikawapa bandari: uwanja una kontena 600, zinatoka 50 kwa siku, basi kila kontena linalala siku 12 kwa wastani. Ukitaka zilale siku 6 una njia mbili tu, utoe 100 kwa siku au upunguze zinazosubiri, na kuongeza uwanja hakusaidii hata siku moja. Nusu ya darasa walikuwa wamependekeza kuongeza uwanja.

Uhasibu ulinishtua. Nyumbani tunafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, ambavyo haviruhusu kuthamini stoo kwa njia ya LIFO, yaani cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Marekani inaruhusiwa na kampuni zinaitumia, hasa kwa sababu ya kodi bei zinapopanda. Mtihani wa kati ulikuwa na swali zima la LIFO. Mwenye cheti cha uhasibu cha CPA cha nyumbani asijiandikie msamaha wa somo hili kabla ya kuona silabasi.

24 Desemba 2022. Baridi

Jana asubuhi kulikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Koti zito nilinunua duka la mitumba, dola 35, huku huku mitumba inakotokea. Viatu visinunuliwe mitumba. Soli iliyochoka kwenye barafu inaishia hospitali, na bima ina sehemu unayolipa mwenyewe.

19 Februari 2023. Kutafuta field

Hiki ndicho kipande kirefu, maana hapa ndipo mwanafunzi mgeni na mwenzake Mmarekani wa kiti cha pili wanapoachana.

Kampuni zinaanza kuja chuoni Septemba na Oktoba, kabla hujajua maktaba iko wapi, kwa ajili ya field (mazoezi ya kazi) ya kiangazi kinachofuata. Mpango wangu ulikuwa kampuni za teknolojia. Novemba Meta wakapunguza wafanyakazi 11,000. Januari wakafuata Amazon 18,000, Google 12,000 na Microsoft 10,000. Waajiri tuliokuwa tukinywa nao kahawa wakaacha kujibu barua pepe, na wengine walikuwa wamepunguzwa wao wenyewe.

Kisha kuna lile swali la fomu: "Je, sasa au baadaye utahitaji mwajiri akudhamini kupata viza?" Kwa field jibu halisi ni kwamba sihitaji, kwa sababu mwanafunzi wa F-1 anafanya kwa kibali cha CPT kinachotolewa na chuo, bure kwa mwajiri. Lakini swali lina neno "baadaye", na jibu la kweli ni ndiyo. Nikajibu ndiyo, na majibu ya kukataliwa yakawa yanarudi usiku uleule, kabla ya mtu yeyote kusoma.

Nilijaribu kuongeza idadi ya maombi. Bure. Nikajaribu kueleza sheria ya CPT kwenye barua ya maombi. Bure pia, kwa sababu kinachokataa ni programu, haisomi barua.

Kilichogeuza mambo ni hifadhidata ya wazi ya USCIS, idara ya uhamiaji, inayoonyesha kila mwaka mwajiri yupi aliidhinishiwa viza ngapi za H-1B, zile za kazi ambazo mwajiri humwombea mgeni. Nilipakua orodha, nikachuja majimbo ya Illinois, Wisconsin na Indiana, nikatoa kampuni za programu za kompyuta na benki. Zikabaki kampuni ambazo hakuna mwenzangu aliyekuwa akizitaja: mitambo ya kilimo, vyakula, vipuri, maghala. Hao wameshawahi kumdhamini mgeni, wana wakili tayari, na swali la fomu haliwatishi. Nikaacha kuandika kwa ofisi za ajira na nikaanza kuwaandikia wakuu wa idara za usafirishaji, nikitaja kontena kabla ya kutaja MBA. Nina usaili wa pili wiki ijayo.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Kaka mmoja Mghana wa mwaka wa pili aliniuliza, "I-20 yako ina namba gani ya CIP?" Sikujua anauliza nini. Kila shahada ina namba ya fani. Yangu ilikuwa 52.0201, usimamizi wa biashara wa jumla. Ukimaliza kwa namba hiyo unapata OPT, ruhusa ya kufanya kazi miezi 12. Lakini namba 52.1301, sayansi ya menejimenti, inahesabiwa kuwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na STEM inaongeza miezi 24. H-1B ni bahati nasibu inayosajiliwa Machi: nafasi 65,000, na 20,000 za ziada kwa wenye shahada ya uzamili ya Marekani. Mwenye miezi 12 kwa kawaida ana bahati moja. Mwenye 36 ana mbili au tatu. Mwajiri makini anaijua hesabu hiyo.

Chuo kina mchepuo wenye namba ya pili. Kubadilisha hakugharimu fedha. Kumenigharimu masomo mawili ya masoko niliyoyataka, na mahali pake nimewekewa takwimu na uboreshaji wa mifumo. I-20 mpya imetoka baada ya wiki mbili. Waliochelewa wanakuta masomo yanayohitajika yamejaa, kwa sababu hapa nafasi za masomo zinagombewa kwa pointi kama mnada.

10 Septemba 2023. Field, makato, riba, shilingi

Nilipata. Wiki 11 kwenye kampuni yenye ghala eneo la Joliet na Elwood, kusini-magharibi mwa Chicago, moja ya bandari kavu kubwa kabisa za Amerika Kaskazini. Makontena yanakuja kwa treni kutoka Los Angeles na Long Beach. Treni ya abiria ya Metra inaishia mjini Joliet. Kuanzia hapo nilipanda gari la mfanyakazi mwenzangu na kuchangia mafuta. Kuhusu CPT: tarehe ya kuanza ni ile iliyoandikwa ukurasa wa pili wa I-20. Meneja alitaka nianze Alhamisi, kibali kilisema Jumatatu. Nilikataa, akaelewa.

Hati ya mshahara ilikuwa na makato ambayo hayakunihusu. Mwanafunzi wa F-1 kwa miaka mitano ya kalenda ya kwanza hahesabiwi mkaazi wa kikodi, na mshahara wake wa field haukatwi michango ya hifadhi ya jamii na bima ya wazee, jumla asilimia 7.65. Mhasibu wa mishahara hakujua. Mpaka mwisho walikuwa wamekata dola 1,935. Utaratibu: kwanza unamwomba mwajiri kwa maandishi arudishe. Akikataa, unapeleka IRS, mamlaka ya kodi, fomu 843 pamoja na 8316, na unasubiri miezi. Mwajiri wangu alikubali nilipomtumia kifungu chenyewe. Nawashauri mumpelekee siku ya kwanza, kabla ya hati ya kwanza.

Sasa riba. Benki kuu ya Marekani imepandisha kiwango chake mara 11 tangu Machi 2022, na Julai hii kimefika asilimia 5.25 hadi 5.50. SOFR imefuata: ni 5.3. Mkopo wangu uliokuwa asilimia 9 na kidogo ni 14.3. Kwa dola 40,000 ni kama dola 2,000 zaidi kwa mwaka. Ule wa asilimia 11 niliouacha ungekuwa bado 11. Mkopo wa mwaka wa pili, dola 38,000, nimechukua wa riba isiyobadilika, na huo wa kwanza nitauhamisha kwingine nikipata mshahara.

Shilingi nayo. Milioni 20 za mwaka wa pili nilikuwa nimeziacha Dar kwenye akaunti ya muda maalumu. Nilipoondoka dola ilikuwa shilingi 2,300. Sasa ni 2,500. Faida ya akaunti imemezwa na kushuka kwa shilingi, kisha dola zenyewe zimeadimika: benki ilimwambia kaka yangu aje wiki ijayo, na wiki ijayo ikamwambia vilevile. Zilikuja vipande vipande, nikalipa faini ya kuchelewesha ada. Hela ya kutumika kwa dola iwekeni kwenye dola mapema.

21 Aprili 2024. Kodi na OPT

Kodi: fomu 1040-NR na 8843, mwisho 15 Aprili. Programu za kawaida za kodi wanazotumia Wamarekani zinakujaza kama mkaazi. Chuo kinalipia programu ya wageni, ulizieni. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo nafuu walizonazo wenzetu wa India hatunazo. Illinois inachukua asilimia 4.95 kutoka dola ya kwanza kabisa, isipokuwa msamaha mdogo.

OPT inaombwa kuanzia siku 90 kabla ya programu kuisha. Mimi namaliza katikati ya Juni, hivyo dirisha lilifunguka katikati ya Machi. Ada ilikuwa dola 410, na ilitangazwa kupanda 1 Aprili hadi 470 mtandaoni na 520 kwa karatasi. Nilituma 20 Machi. Tahadhari: ofisi ya chuo ikishaweka pendekezo lake kwenye I-20, una siku 30 za kutuma maombi, zikipita unaanza upya.

29 Juni 2024. Kadi imefika

Kadi ya kazi imefika. Kampuni ya field imenichukua, naanza Agosti. Kabla ya kusaini niliuliza jambo moja tu: je, wamejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mfanyakazi ana ruhusa ya kazi? Bila hiyo nyongeza ya STEM haitolewi, hata kama namba ya CIP ni sahihi. Wamejiunga.

Jumla ya miaka miwili: ada 72,000, kuishi karibu 40,000, bima ya afya karibu 9,000. Dola 121,000. Zimetoka hivi: mikopo 78,000, field 20,000 baada ya kodi, akiba na familia 17,000, maktaba 6,000. Riba iliyojikusanya nikiwa masomoni haimo humo.

Bado: kuhamisha mkopo wa kwanza (alama za mikopo zinatosha sasa), kumkumbusha mwajiri usajili wa H-1B wa Machi 2025, kujaza naye fomu I-983, ya mpango wa mafunzo kazini, mapema mwakani kwa ajili ya nyongeza ya STEM. OPT inahesabu pia siku za kukaa bila kazi, mwisho 90, na kati ya tarehe iliyo kwenye kadi na siku ya kuanza zangu zinafika 40. Anayepanga kwenda nyumbani kupumzika kwanza azihesabu kabla ya kukata tiketi.